UZI: Simu wodini ni kitabu au ni uzembe? Wanafunzi na wakufunzi wa tiba wa Pwani, tuongee

MwanaShela (mwenye uzi)

Wadau, salaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa tiba ya kliniki, mwaka wa mwisho, niko hapa Malindi. Chuo sikitaji, na anayekijua namuomba asikitaje.

Kuna mvutano wodini ambao sisi tunauongelea kantini tu. Mkufunzi akikukuta na simu mkononi, hata kama ulichofungua ni mwongozo wa kutibu watoto wa Wizara ya Afya, wewe ushakuwa mzembe. “Weka hiyo TikTok.” Hakuulizi unasoma nini. Yuko mmoja ameweka kikapu cha plastiki juu ya meza ya manesi: raundi ya kuwapitia wagonjwa ikianza simu zote ndani, raundi ikiisha kila mtu anachomoa yake. Jioni huyo huyo anatutumia kwa WhatsApp ratiba, slaidi za kesho, na sauti ndefu akieleza vipimo vya figo huku jogoo anawika nyuma yake. Sasa simu ni haramu saa tatu asubuhi, halafu baada ya isha inakuwa halali?

Niseme ninachotumia, maana mtu akisikia “kusoma kwa simu” anafikiria kuandika dalili kwenye Google na kupata kansa. Ninao mwongozo wa watoto wa PDF. Ninayo programu ya miongozo ya MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, ambayo ukishaipakua inafunguka bila bando. Ninao mchezo wa LIFE, ule uliotengenezwa Oxford wakishirikiana na madaktari wa Kenya, unaokuweka ndani ya hospitali na mtoto mchanga asiyepumua mbele yako. Kijitabu cha Wizara kilichochapishwa kipo pia, kimoja, kimefungwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo.

Mfano mmoja tu. Mtoto wa kilo 12, malaria kali, degedege limemshika nyumbani. Daftari tulilorithi kwa waliotutangulia linasema artesunate, ile sindano ya malaria kali, ni miligramu 2.4 kwa kilo, mkubwa kwa mdogo. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Lakini tangu 2015 WHO imesema mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe 3 kwa kilo. Kwa huyu wetu ni miligramu 36, si 28.8. Kichupa kina miligramu 60. Ukichanganya na mililita moja ya baikaboneti, kisha mililita tano za salini, yale maji ya chumvi, unapata miligramu 10 kwa kila mililita. Basi kwa mshipa unavuta mililita 3.6, wala si 2.9. Mwenzangu alilisema hilo vizuri tu, kwa adabu, simu mkononi. Akaambiwa atoke nje.

Wakufunzi mlio humu, kinachowaudhi ni nini hasa? Na wanafunzi wenzangu, bila uongo, simu wodini mnaifanyia nini?

MlaMahamri

Bila uongo? Nusu mwongozo, nusu Arsenal. Mechi ikianza mapema na mimi niko zamu, siwezi kukudanganya ndugu yangu.

MwanaShela

@MlaMahamri ndiyo nyinyi mnaotuharibia.

BiNesi_Mstaafu

Wanangu, mimi nimefanya kazi ya unesi tangu enzi za kuchemsha sindano, na mengi ya maisha hayo ni hapa Malindi na kando kando yake. Niwaambie upande ambao hamjauweka.

Mama ametoka Marafa usiku. Amelipa bodaboda kwa pesa ya kukopa, mtoto anaungua mikononi mwake. Anaingia, anamkuta kijana wa koti jeupe ameinamia simu, kidole kinapanda na kushuka. Yeye hajui mwongozo wala programu. Anachojua ni kwamba mtoto wake anatetemeka na daktari anachati. Na hatakwambia wewe. Ataninong’oneza mimi nikija kubadilisha dripu, au atanyamaza, na safari ijayo atampeleka mtoto kwa mganga kwanza.

Dawa yake ni kufungua mdomo. “Mama, hapa naangalia kipimo cha dawa ya mtoto, nisikosee.” Basi. Nimewaona wakina mama wakisikia hivyo wanasogea wenyewe kuangalia. Kuna mmoja alimwambia mwanafunzi, “Angalia tena mwanangu, usione haya.”

Na msinihesabu kwa wanaopinga. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walipoanza mafunzo ya kompyuta ya kuwapandisha manesi wa cheti kufika diploma, sisi wa vituo vya mbali tulicheka. Nani ataacha zamu aende darasani Nairobi? Tukaambiwa hakuna kuacha zamu, somo litakufuata ulipo. Sikuwa nimewahi kushika mausi. Kile cheti kiko ukutani sebuleni, wajukuu wanapigia picha. Kwa hiyo hili la kusoma kwa mashine ni la zamani kuliko baadhi yenu, msilete kiburi.

Kabambe_Original

Bi mkubwa, heshima zako.

Mimi niongee kwa niaba ya wasioongelewa. Darasani kwetu wenye simu za tachi ni wengi, sio wote. Mimi nina kabambe, simu ya vitufe, na ile ya tachi niliyokuwa nayo ilianguka ndani ya ndoo. Mkufunzi wetu mmoja kijana, anapenda teknolojia mno, anatuma maswali ya tathmini kwa linki, mwisho saa nne usiku. Wakufunzi wa aina hiyo mnawasifu humu. Mimi huwa naenda kubisha kwa jirani mwenye simu, namsubiri amalize kuangalia tamthilia.

2020 vyuo vilipofungwa kwa korona ndipo watu waliona. Nilikuwa bado shule, lakini dada yangu alikuwa anasomea unesi. Wa mjini waliendelea na masomo, wa kule ndani kwetu Magarini walikuwa wanapanda mlimani kutafuta mtandao na bando likiisha katikati ya somo ndiyo basi. Waliporudi, mtihani ulikuwa mmoja kwa wote.

Kozi ikigeuzwa kuwa ya simu, mimi nimeshafukuzwa chuo bila barua.

MwalimuWaZamu

Masalkheri. Mimi ni mkufunzi wa wodi, si Malindi mjini ila si mbali. Kikapu si changu, lakini sababu ya kikapu naijua. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Jambo la kwanza ni hili la macho. Mwanafunzi akifungua kitabu, mimi nikiwa upande wa pili wa kitanda naona jalada, naona yuko sura ya ngapi, naona hata kama amelala. Simu inanionyesha mgongo wake tu. Nina wanafunzi kumi na kitu wamezunguka kitanda, mgonjwa anaeleza, na nusu ya darasa wameinama. Niwahesabu wanasoma au niwahesabu wako na Arsenal? MlaMahamri ameshanijibu.

La pili linaniuma zaidi. Namwambia mwanafunzi, “Mpapase huyu mtoto, niambie bandama imefika wapi.” Kabla mkono haujagusa tumbo, ameshanisomea sababu saba za bandama kuvimba, kwa mpangilio mzuri, na Kiingereza safi. Namuuliza tena: imefika wapi? Kimya. Bandama unaianzia chini ya tumbo, upande wa kulia, unapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku mtoto anavuta pumzi, mpaka kingo yake ije igonge vidole vyako. Ukianzia juu, iliyovimba sana utaipita na useme tumbo ni laini. Hiyo simu haikufunzi. Utaonyeshwa video, ndiyo, lakini vidole vyako vitabaki vijinga.

La tatu, simu haina nchi. Mwanafunzi aliniandikia jentamaisini, ile antibayotiki ya sindano, miligramu 2.5 kwa kilo, kila baada ya saa nane. Nikauliza umetoa wapi, akanionyesha programu moja ya ng’ambo, ya heshima zake, wala haikukosea kwa kwao. Mwongozo wetu ni 7.5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Jumla ya siku ni ile ile, lakini fikiria wodi yenye nesi mmoja usiku na watoto thelathini. Sindano tatu kwa siku kwa kila mtoto maana yake nyingine hazitachomwa. Aliyeandika mwongozo wetu alijua hilo. Aliyeandika ile programu hana sababu ya kulijua.

Kuhusu yule wa artesunate aliyetolewa nje: alikuwa sahihi, na aliyemtoa alikosea. Wapo wenzangu ambao kusahihishwa mbele ya wanafunzi, tena na mtoto wa juzi, wanaona wamevuliwa nguo. Hilo ni tatizo letu sisi, na lilikuwepo kabla ya simu. Zamani mwanafunzi aliyesoma kitabu kipya alitolewa nje vile vile.

MwanaShela

Mwalimu, asante kwa kuja. Wengi wenu huwa mnasoma na kupita.

Nakubali la bandama. La jentamaisini nakubali nusu, kwa sababu dawa yake ni kutuambia tupakue mwongozo upi, sio kutunyang’anya simu. Lakini niulize hili. Vitabu vyetu vya maktaba vingine ni vya kabla ya 2011. Humo mtoto mwenye homa kali na mikono baridi anapewa bolasi, yaani maji mengi ya mshipa kwa mkupuo. Halafu ukaja utafiti wa FEAST, na makao yake ni hapo jirani, Kilifi, ukiongozwa na Kathryn Maitland. Zaidi ya watoto 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Waliopewa bolasi walikufa zaidi: ndani ya saa 48, kama 10.5 kwa kila 100, na wasiopewa 7.3. Dunia nzima ilishtuka. Utafiti umefanyiwa mwendo wa matatu kutoka kitandani tulipo, na kitabu cha maktaba yetu bado hakijasikia. Mimi niliusoma kwa simu, bure, ndani ya matatu hiyo hiyo. Sasa nikiwa wodini nafuata kitabu au nafuata simu?

MwalimuWaZamu

Swali zuri, na nitalitumia kukuchapa kidogo.

Mwaka huo huo nilikuwa na mwanafunzi aliyeusoma muhtasari wa FEAST, na simu ilimpa mistari minane. Akaja wodini na imani mpya: mtoto hapewi maji ya haraka, kwisha. Tukaletewa mtoto wa mwaka na nusu, kuharisha tangu juzi, macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya tumbo inarudi kwa kusuasua, hawezi kunywa. Akasimama kunizuia. “Mwalimu, FEAST.” Sasa ungesoma utafiti wenyewe, kule ndani wanaeleza akina nani hawakuingizwa: wenye ugonjwa wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali. Huyu mtoto hakuwa wa FEAST. Huyu ni wa Mpango C, ule wa mtoto aliyeishiwa maji kupita kiasi: maji ya mshipa ya Ringa mililita 100 kwa kilo, na kwa kuwa amepita mwaka, 30 za mwanzo ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Tukampa. Jioni alikuwa anataka uji.

Mnaona ninachosema? Simu ilimpa jambo jipya na la kweli, na bado lingemuua mtoto, kwa sababu alisoma kichwa cha habari. Kitabu cha zamani nacho kingemuua yule wa homa kali na mikono baridi. Ndiyo maana mimi nataka simu ifunguliwe mbele yangu, kwa sauti, tubishane nayo. Ikifunguliwa chini ya koti siwezi kubishana nayo.

MwanaShela

Hapo umenipata. Lakini Mwalimu, hatufungui chini ya koti kwa kupenda. Mlituwekea kikapu kwanza.

MwalimuWaZamu

Nimesema kikapu si changu 😂

Baharia_Pate

Salaam kutoka visiwani. Mimi nilimaliza chuo, niko kituo kimoja Pate. Nyinyi mnabishana kuhusu raundi na wakufunzi, huku hakuna raundi wala mkufunzi. Niko mimi, nesi, na mlinzi. Mgonjwa akinishinda ni boti mpaka Lamu, na bahari ikichafuka usiku wa kusi nahodha anakwambia wazi, subiri alfajiri.

Huku simu ndiye mwenzangu wa kuuliza, ila nina sharti: kisichofunguka bila mtandao sikihesabu kuwa ninacho. Minara ipo, lakini kuna siku inalala. Kwa hiyo kila nikifika Lamu mjini napakua, nafungua kila faili nione kama kweli limeingia, ndipo napanda boti. Wanafunzi wengi wanasema “niko nayo kwa simu” na wanachonacho ni linki.

Sasa la mtoto mchanga, kwa sababu mwenye uzi ameutaja mchezo wa LIFE. Mtoto akizaliwa hapumui, una dakika moja. Umkaushe, umsugue, umuweke kichwa sawa, na kabla dakika haijaisha maski iko usoni unamsukumia hewa. Dakika hiyo huwezi kumfungulia simu. Nani ataishika? Mikono yote miwili ina kazi, na imelowa. Simu ilinifaa wiki zilizopita, usiku nikiwa sina mgonjwa, nacheza ule mchezo mpaka ule mpangilio ukawa unanijia wenyewe. Kilichobaki kilikuwa ni maski: kuibana isivujishe hewa, kuangalia kifua kinapanda au tumbo ndilo linajaa. Hiyo nilijifunza kwa mwanasesere wa mazoezi, mwalimu akinipiga kofi la mkono kila hewa ikivuja. Allah amzidishie.

MwalimuWaZamu

@Baharia_Pate kongole kwa kazi hiyo. Na unayoyasema yana ushahidi. Kuna programu ya uzazi salama ya taasisi ya Denmark, Maternity Foundation, ya video za katuni, inafanya kazi bila mtandao. Waliijaribu Ethiopia na matokeo yakachapishwa 2016. Ujuzi na maarifa ya wahudumu katika kumpumulisha mtoto mchanga yalipanda wazi. Vifo vya watoto vilionekana kushuka, lakini si kwa kiasi cha kuweza kusema ni kazi ya programu. Watu wa kuuza programu huwa wanasoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo.

PweteraBingwa

Mnahangaika nini, ChatGPT inajibu yote. Hata kipimo inakupigia hesabu.

BiNesi_Mstaafu

Na ikikosea anaitwa nani mbele ya baraza, yeye au wewe?

PweteraBingwa

…mimi.

MwanaShela

Nimeijaribu kwa maswali ambayo majibu yake ninayajua. Mengi inapata. Ila ikikosea inakosea kwa sauti ile ile ya kujiamini, bila kukohoa. Mkufunzi akiwa hana uhakika utamuona anakuna kichwa. Mimi naitumia kunitungia maswali ya mtihani, kipimo cha dawa hapana.

Mdau_wa_Barani

Mimi si wa tiba, ni karani wa wakili, lakini nimewasoma na kuna kitu mmekiruka. Picha.

Nina jamaa anasomea mambo haya, akanionyesha kundi lao la “kesi za kujifunza”. Watu zaidi ya mia. Eksirei, vidonda, mtoto wa utapiamlo uso wote unaonekana. Moja ilikuwa na kadi ya mgonjwa pembeni, jina, kijiji na namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kusema “ni kwa masomo” hakukupi ruhusa. Ruhusa anayo mgonjwa. Na Malindi hii mnaijua. Picha ikipigwa asubuhi, alasiri iko Maweni, magharibi mama mkwe ameshauliza.

Nikiwa mgonjwa na nikaona simu imeinuliwa usawa wa kitanda changu, nitafikiria napigwa picha. Wala sitakuwa na makosa.

BiNesi_Mstaafu

Huyu ameongea. Na ongezeni uchafu. Simu inatoka chooni, inaingia mfukoni, inashikwa na glavu, inarudi sikioni. Unanawa mikono vizuri kabisa kisha unaishika tena. Nikiwa zamu nilikuwa na chupa ya spiriti na pamba: unataka simu wodini kwangu, ifute kwanza, na jalada la manyoya manyoya liache nyumbani.

Mtafiti_Mwenye_Njaa

Niingie kidogo. Nilisaidia kugawa dodoso za mambo haya kwa ajili ya tasnifu ya mtu. Fred Davis, Mmarekani, mwaka 1989 alisema mtu anaikubali teknolojia akiamini mambo mawili: kwamba itamfaa kazini na kwamba haitamsumbua kuitumia. Dodoso nyingi za mitazamo zimejengwa hapo. Na ndiyo shida ninayoiona. Ukimuuliza mwanafunzi “je, simu inakusaidia kusoma?” atatia tiki kubaliana sana kabla hujamaliza swali. Mkufunzi naye anatia kubaliana, kwa sababu nani anataka kuonekana wa kale? Kisha unaenda wodini unakuta kikapu.

Humu hakuna aliyesema simu haifai au ni ngumu. Bi Nesi amesema la mgonjwa kuona. Mwalimu amesema haoni kilichofunguliwa. Kabambe amesema la mfuko. Hayo sikuyaona kwenye fomu yoyote niliyogawa.

Kabambe_Original

Kwa sababu fomu yenyewe ilikuwa ya linki.

Mtafiti_Mwenye_Njaa

😂😂 Nimekoma. Ilikuwa ya linki.

Kabambe_Original

Na mjue kabambe si upofu. AMREF wana mfumo wa kuwafunza wahudumu wa afya wa kijijini, unaitwa LEAP, wa meseji na masomo ya kusikiliza. Mama yangu mdogo ni mhudumu wa kijiji, alikuwa anasikilizia jikoni. Kwa hiyo somo linaweza kuja kwenye kabambe, ni vile hakuna anayetaka kulitengeneza kwa ajili ya sisi wa chuo kwa sababu halipendezi kwenye picha za uzinduzi.

MwanaShela

Basi Mwalimu, nikuwekee ombi, ulipeleke kwa wenzako ukiweza. Simu iwe mezani au mkononi, kioo juu, popote unapoweza kukiona. Mtu ampapase mgonjwa na aseme alichokipata kabla ya kuifungua. Akiifungua amwambie mgonjwa anatafuta nini, na asome kwa sauti ametoa wapi na toleo la mwaka gani. Kamera hakuna. Atakayeonekana na mpira, kikapu kimhusu yeye, sio darasa zima.

MwalimuWaZamu

Nitajaribu kwa kundi langu la watoto, Jumatatu, bila kumwomba mtu ruhusa. Ila naongeza langu moja: kabla ya raundi nataka kuona kila simu ina mwongozo wa Wizara wa toleo moja, na umefunguka ikiwa imezimwa data. Baharia amenifungua macho hapo. Atakayeniambia “ninayo linki” atashika faili la karatasi.

Kabambe, kwenu wewe nani anasimamia raundi?

Kabambe_Original

Mwalimu, ukijua utanitafutia makosa. Ila sisi wenye kabambe tuko watatu kwa darasa.

MwalimuWaZamu

Kurasa za vipimo vya dawa na za maji ya mshipa hazizidi kumi. Mwambie anayewasimamia azitolee kopi, azipige laminesheni, zining’inie kwenye toroli ya dawa. Akikataa kwa sababu ya gharama, niandikie faraghani. Na hata wenye simu watazitumia, utaona, chaji zao zinaishaga saa tano.

MlaMahamri

Kwenye mtihani wa vitendo je? Simu inaruhusiwa?

MwalimuWaZamu

Hapana. Na wewe nitakupekua soksi.

Mzembe_Mstaarabu

Mimi nawaambia mkufunzi wa kwetu huyu hata mkimletea Waziri na laminesheni, kikapu kitabaki. Juzi amenunua kikubwa zaidi, chenye kifuniko.

MwanaShela

Kifuniko? Kinafungwa na kufuli ama?

Mzembe_Mstaarabu

Bado. Lakini nimemuona duka la vyuma.